Namba Iliyoganda

Skrini ilisema thelathini na saba nukta saba. Ndani ya mashine joto lilikuwa thelathini na nne. Mayai ya mama mkwe yalikuwa yamekaa kwenye ubaridi huo tangu jana yake mchana, na mimi nilikuwa nimepita mbele ya skrini hiyo kutwa nzima nikiisifu.

Kwa asiyeijua kazi hii: yai la kuku linataka joto lake lile lile kwa wiki tatu. Likizidi, kifaranga anaiva. Likipungua, anachelewa, na likipungua sana anakata tamaa humo humo ndani. Mimi natotolesha vifaranga. Zamani nilikuwa nachomelea mageti. Shule niliiacha darasa la sita, wala hakuna kisa cha kuliza watu. Niliichoka, nayo ilinichoka. Mashine nimeiunda mwenyewe kutoka friji lililokufa. Niling'oa mtambo wa baridi, nikaweka balbu mbili kubwa nyuma ya bati, feni ya kusambaza joto, na rafu zinazoinama zenyewe ili mayai yageuke. Friji lile lilizaliwa kupoza, mimi nikaliajiri kupasha.

Mayai ya mama mkwe hayakuwa ya biashara. Alikuwa na jogoo aliyemwita Hakimu, kwa sababu kabla ya kudonoa kitu chochote aliinamisha kichwa upande huu, kisha upande ule, kama anayesikiliza mashahidi. Jogoo mweusi, shingo nyekundu, mkali mpaka mimi mkwe wa nyumba nilikuwa naingia pale uani na mfuniko wa sufuria mkononi. Siku moja mbwa wa jirani akampata. Mama mkwe hakulia. Alikusanya mayai yote yaliyokuwa kwenye viota, akayafunga moja moja kwenye matambara, akaniletea.

"Mkwe wangu," akaniambia, "haya ndiyo ya mwisho ya Hakimu. Hakuna mengine. Hiyo mashine yako siiamini, lakini saa hizi sina kuku hata mmoja anayetaka kuatamia. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

"Usinielewe kwa mdomo."

Kazi ilikuwa imelala kipindi kile, kwa hiyo mashine ikawa na mayai yake peke yake. Hata fundi cherehani wa chumba cha jirani, ambaye hukosa la kuniambia mara chache sana, aliniambia niombe tu yatotoke.

Sasa, ile skrini. Ni kazi ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, binti kitinda mimba wa huyo huyo mama mkwe. Anaandika programu za kompyuta na amesoma mpaka vyeti vimekosa ukuta. Mimi na yeye ni watani tangu siku ya kwanza nilipokanyaga kwao, aliponiuliza kama mikono yangu huwa inaoshwa au inapigwa msasa. Alikuja na kikompyuta kidogo cha kutosha kiganjani, akakifunga nyuma ya friji, akachomeka kadude kanakopima joto ndani, na mlangoni akabandika skrini. Kisha akanieleza, nami naeleza kama nilivyoelewa.

"Shemeji, hapa kuna nyuma na kuna mbele. Nyuma ndiko kwenye kazi. Inasoma joto, inawasha balbu, inazima balbu. Mbele ni hii skrini. Skrini siipi maagizo ya chora hiki, futa kile. Naieleza tu inavyotakiwa kuonekana: hapa pakae lile joto lililoko nyuma. Basi. Joto ni moja, wanalitumia wote wawili. Nyuma ikibadilika, mbele inajibadilisha yenyewe."

"Kumbe ni kama mke na mume," nikasema.

"Nani nyuma, nani mbele?" mke wangu akauliza kutoka mlangoni.

Shemeji alicheka mpaka akashika friji.

Tatizo lilianzia kwenye kipimajoto changu cha kioo. Nimekitumia miaka na hakijawahi kuniangusha. Kilisoma thelathini na saba nukta saba, skrini ikasoma thelathini na saba nukta tatu. Kwa mtu wa mageti nukta nne siyo kitu. Kwa yai ni kitu.

"Kadude kako kanadanganya," nikamwambia. "Niwekee kitufe nikarekebishe."

"Nitarekebisha mimi ndani ya programu, nikija wiki ijayo."

"Mashine ya nani?"

"Yako."

"Basi nataka kitufe."

"Wewe ni abiria unayetaka usukani kwenye kiti chako."

"Abiria gani ndiye mwenye gari?"

Aliweka. Aliweka haraka haraka, mkoba ukiwa tayari begani, kwa sababu alikuwa anachelewa kazini na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kama geti nililochomelea mwenyewe. Vitufe viwili, cha kuongeza na cha kupunguza. Nikabonyeza cha kuongeza mara nne. Skrini ikasema thelathini na saba nukta saba, sawa sawa na kioo. Nikaridhika. Nikakitoa kipimajoto ndani, nikakitundika ukutani kama picha ya marehemu, nikamwambia shemeji aende salama.

Kuanzia hapo namba haikutikisika. Asubuhi, mchana, mvua ikinyesha, umeme ukiyumba, namba ni ile ile. Nikavimba kichwa. Nilimwita fundi cherehani aje aone.

"Tazama utulivu huo," nikamwambia.

Akatazama. "Imetulia kuliko mimi," akasema, akarudi kushona.

Jumamosi asubuhi shemeji akaja kutusalimia.

"Mashine vipi?"

"Njoo uone mwenyewe. Tangu uweke vile vitufe, namba haijasogea hata nukta."

Nilitegemea achekelee. Akaweka mkoba chini.

"Haijasogea kabisa?"

"Kabisa."

"Hata ukifungua mlango?"

"Hata nikifungua mlango. Ndiyo raha yake."

"Shemeji," akasema taratibu, "ukifungua mlango joto linatoka. Lazima ishuke."

Mimi naijua hiyo. Mtoto wa chekechea anaijua hiyo.

Alitoa kompyuta yake, akachomeka waya nyuma ya friji, akaiuliza nyuma moja kwa moja bila kupitia skrini. Nyuma ikajibu thelathini na tatu nukta sita, na kumbukumbu zake zikaonyesha joto lilianza kushuka jana mchana. Ukiongeza nukta nne zangu, thelathini na nne kamili. Nikaingiza mkono ndani, lakini mikono yangu haisikii. Kuchomelea kumeiivisha zamani. Akaingiza wake.

"Pamepoa," akasema.

Nikafungua skrubu za bati. Balbu moja ilikuwa nyeusi, imekufa. Ya pili ilikuwa inawaka peke yake bila kupumzika, kama mjane mwenye watoto wengi. Nikaweka balbu mpya, na tukasikia feni ikianza kusukuma hewa ya maana.

"Na kengele?" nikauliza. "Si uliweka kengele ya kulia joto likishuka?"

Akajishika paji la uso. "Kengele niliiambia iangalie namba ya skrini."

"Kwa hiyo ilikuwa inaangalia namba iliyokufa, imeridhika."

"Kama wewe."

"Kama mimi."

Akakaa sakafuni, kompyuta mapajani, akaisoma programu yake. Halafu akapiga goti lake kofi. "Nimeiona. Kile kitufe nilikiandikia hivi: chukua namba iliyopo kwenye skrini, ongeza nukta moja, iandike hapo hapo. Ulipobonyeza mara ya kwanza tu, skrini ikapata namba yake ya kuandikiwa, na ile amri ya kuifuata nyuma ikafutika. Kamba ikakatika. Nyuma imeendelea kusema ukweli siku zote hizi, mbele haisikii."

"Nani kaikata?"

"Kidole chako."

"Na mkasi nimepewa na nani?"

Wote wawili tukageuka kutazama saa ya ukutani, kwa sababu Jumamosi mama mkwe huja kuyasalimia mayai yake, na muda wake ulikuwa umefika.

"Tusimwambie," shemeji akanong'ona. Huyu mwanamke husimama mbele ya mabosi wake akawabishia, lakini kwa mama yake anakuwa wa miaka saba. "Skrini si bado inaonyesha namba nzuri? Tuiache hivyo hivyo. Mama ataiona, atakunywa chai, ataondoka. Mimi nitatengeneza baadaye."

"Mimi uongo sijui."

"Nyamaza tu. Kunyamaza unakujua?"

"Hodi humu!" Mama mkwe huyo, mkoba kwapani. Hakungoja karibu. "Mayai yangu yameamkaje?"

"Salama, mama," nikasema, na hapo hapo kikohozi kikanikaba.

Akanitazama. "Unakohoa nini?"

"Vumbi."

"Vumbi la wapi? Sakafu ya simenti imepigwa deki."

Mke wangu alikuwa anaingia na chai. Akamtazama mdogo wake sakafuni, akanitazama mimi, akaitazama balbu nyeusi iliyokuwa juu ya friji. "Mama," akasema, "huyu mume wangu akikohoa ujue kuna jambo. Ameanza kukohoa tangu tunaoana. Nani ataanza kusema?"

Nikasema mimi. Nilimweleza yote, bila kupamba. Kwamba skrini ilitudanganya, kwamba nilitaka kitufe na shemeji akanipa, kwamba balbu imekufa tangu jana na mayai yamepoa, na kwamba dakika moja iliyopita tulikuwa tunapanga kumficha. Shemeji akaficha uso nyuma ya kompyuta.

Mama mkwe akakaa kwenye kigoda.

"Yamekufa?"

"Sijui, mama."

"Nani anajua?"

"Tochi."

Tukafunga dirisha, tukaziba mlango kwa shuka, nikatoa yai la kwanza na kulibandika tochi chini yake. Yai likawaka. Juu palikuwa na nafasi ya hewa, chini kivuli kizito. Kivuli hakikusogea. Tukasubiri, vichwa vinne vimeinama juu ya yai moja, nikisikia pumzi ya mama mkwe sikioni. Nikataka kuliweka pembeni.

"Ngoja," akasema shemeji.

Kivuli kikajigeuza. Kidogo tu, kama mtu anayevutwa blanketi akiwa usingizini.

"Huyo ni Hakimu mtupu," mama mkwe akasema. "Amemaliza shahidi wa kwanza."

Mke wangu akaangua kicheko, na hewa ikarudi chumbani. Tukaendelea na mengine, moja baada ya jingine. Mengine yalisogea, mengine yakatukazia. Machache yalikuwa meupe matupu, hayakuwahi kuwa na mtoto, na hayo nikayatoa. Yaliyotukazia nikayarudisha ndani pamoja na yaliyosogea.

Shemeji akarudi kwenye kompyuta. Mama yake akavuta kigoda karibu.

"Unafanya nini sasa?"

"Natengeneza kitufe, mama. Sasa hakitaandika chochote kwenye skrini. Kitapeleka ombi tu kule nyuma: ongeza nukta moja kwenye marekebisho. Nyuma itaongeza yenyewe, itatangaza kwamba joto limebadilika, na skrini ikisikia itafuata. Na kengele nimeihamishia nyuma."

"Kwa nini hukufanya hivyo tangu mwanzo?"

"Nilikuwa na haraka."

"Na huyu?" akaninyooshea kidevu.

"Yeye alikuwa mbishi."

"Sawa. Mmoja na haraka, mwingine mbishi, na mayai ni yangu." Akanywa chai.

Tulipoiwasha upya, shemeji akaniambia nifungue mlango nikapulizie kile kadude. Nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Namba ya skrini ikapanda. Nikaacha mlango wazi, ikashuka, ikashuka tena, mara kengele ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa na mama mkwe akaruka kwenye kigoda akamwaga chai mapajani kwangu. Nikabonyeza kitufe, namba ikaongezeka nukta moja. Nikapuliza tena, ikapanda tena. Tulipuliza wote, kwa zamu, tukicheka kama watoto, mpaka mke wangu akatukumbusha kwamba mayai yanataka mlango ufungwe.

Joto liliporudi, mama mkwe akaikazia macho skrini. Saba nukta sita. Saba nukta nane. Saba nukta saba. "Mbona inahangaika?"

"Ndiyo uzima wake, mama," nikasema.

Fundi cherehani, aliyekuja kuuliza kengele ya nini, akachungulia juu ya bega langu. "Si juzi uliniita nije kuona utulivu?"

"Juzi nilikuwa mjinga. Nenda kashone."

Kuanzia siku ile mama mkwe akahamia kwenye kigoda. Alikuja asubuhi na kuondoka jioni, mimi nikafanya kazi zangu nikipita pembeni yake kwa adabu, kwa sababu huwezi kunyoosha miguu mbele ya mkwe wala kuimba nyimbo za karakana. Namba ikishuka nukta moja ananiita. Ikipanda nukta moja ananiita. Nilimweleza kwamba nyuma inajua, inawasha balbu yenyewe. "Na mimi najua pia," akasema. "Tuwe wawili."

Siku ya kutotoa ikafika. Asubuhi kimya. Mchana kimya. Shemeji akatoka kazini akaja moja kwa moja, akakaa sakafuni palepale, hakunitania hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua ana hofu kuliko mimi. Jioni kimya. Nikabandika sikio mlangoni nikasikia feni tu.

"Ni mimi," shemeji akasema. "Ningetumia dakika kumi zaidi siku ile, mama angekuwa na vifaranga sasa hivi."

"Ni sisi," nikasema. "Usinipunguzie."

Mama mkwe akafunga mkoba wake, akasimama. "Wewe binti, unajua ulichelewa kuzaliwa? Wakunga walikuja wakaondoka, wakarudi, wakaondoka tena. Baba yako akasema huyu amebadili mawazo. Kisha ukatoka unapiga kelele, na hujanyamaza mpaka leo. Haya, nitakuja kesho."

Kesho yake, saa za adhuhuri, nilikuwa nanoa panga nje niliposikia ananiita. Siyo kwa sauti ya nukta moja. Niliingia mbio. Alikuwa amepiga magoti mbele ya friji, sikio mlangoni, mkono juu kuninyamazisha. Nikasikiliza. Ngo. Ngo. Kisha ngo nyingine kutoka rafu ya chini.

Nilimpigia shemeji simu. Sikumbuki nilisema nini, yeye anasema nilipiga kelele "Nyuma inatangaza!" halafu nikakata. Alifika yai la kwanza likiwa limepasuka katikati na kitu kimoja chenye maji, cheusi, kibaya cha sura, kikijikokota juu ya rafu. Shemeji akalia. Nikamwambia asiloweshe waya. Akaniuliza kama machozi yangu mimi ni ya msasa.

Walitoka mchana kutwa, mmoja mmoja, na kesho yake asubuhi wakamalizia wawili. Tuliwaacha wakauke, tukawaweka kwenye boksi lenye pumba, na mama mkwe akawachambua mmoja mmoja kama anayenunua. Kisha nikafungua mayai yaliyobaki, kwa sababu lazima uyafungue, mbele ya wote.

Mama mkwe alileta mayai ishirini na manne. Matano yalikuwa meupe tangu mwanzo. Hayo hayana mwenye kosa. Yaliyotoka hai ni kumi na matano, na mmoja kati yao ana kidole kilichopinda, lakini anatembea. Manne yalikuwa na vifaranga waliokamilika, wana manyoya na kucha, wawili kati yao wameshapindisha shingo kuanza kutoboa ganda. Hao wanne tuliwafukia nyuma ya karakana, mimi na shemeji. Mama mkwe hakutudai kitu.